Utanioa Mbele ya Gunia?

— Tia saini, Nhan. Moja tu, utoke humo.

Khoat alipenyeza karatasi kwenye seng'enge iliyozunguka hekalu. Nhan, mchumba wake, siku ya nne hiyo alikuwa hajatia punje ya wali kinywani. Nyuma ya Nhan, ua ulijaa wachuuzi, wanafunzi na akina mama waliogoma kula tangu serikali, inayoongozwa na Wakatoliki, ipige marufuku bendera yao ya Kibuddha hapa Hue, Vietnam. Nyuma ya Khoat, askari. Maji yalikatwa jana.

— Inasemaje?

— Kwamba umeacha Ubuddha. Ukisaini, ukarani wangu unabaki, na Jumamosi tunaoana.

— Na wewe?

Khoat akatazama viatu vyake.

— Nilisaini juzi.

— Ohoo! Umebatizwa na kiti cha ofisi!

— Usinicheke. Hawa wataingia na marungu!

— Waingie. Sina ugomvi na Wakatoliki, shangazi yangu ni mmoja wao. Nataka bendera yetu ipepee kama yao, basi. Ila kesho ni kumbukumbu ya kifo cha mama yako, na kifungua mimba wake ni wewe. Nani atamchomea udi?

Khoat akaisukuma karatasi ndani zaidi.

— Madhabahu yake iko wapi, Khoat?

— Nyuma ya kabati. Nimeifunika gunia.

Nhan akairudisha karatasi.

— Sisi huoana mbele ya wazee waliotangulia. Wewe utanioa mbele ya nani? Mbele ya gunia?

Asubuhi yake Nhan alisikia askari wakipiga kelele. Khoat alikuwa anakuja katikati ya barabara, amekumbatia madhabahu, kimeza cha mbao. Juu yake picha ya mama yake, bakuli la majivu ya udi na sahani ya tambuu na popoo za harusi.

— We karani! Rudisha meza nyumbani!

— Nyumbani hakuna bibi harusi.

Akaitua kando ya seng'enge.

— Nimeandika barua, Nhan. Saini yangu nimeifuta.

— Na kazi?

— Imekwenda.

Nhan akawasha udi, akaupitisha kati ya miiba. Khoat akauchomeka kwenye bakuli la majivu. Wakapiga magoti, mmoja ndani, mmoja nje, wakaiinamia picha mara tatu.

— Harusi bila wali! akaguna mama muuza tofu.

— Ungeliwa na nani, nasi tumegoma? mwenzake akamjibu, akifuta machozi.

Askari wakamfunga Khoat pingu. Mmoja akainua buti aipige meza teke. Akaiona picha ya yule bibi, akaliteremsha taratibu.

— Mke wangu, udi usizimike! Khoat akaita.

Upepo ulikuwa umeanza. Nhan akapenyeza mkono kwenye miiba hadi begani, akaukinga moto kwa kiganja, huku karandinga likiondoka na mumewe.