Zimwi la Mzee Obura

Siku Adoyo alipomvunja twiga shingo, Mativo hakukasirika. Alikuwa amechonga twiga wale wale wa watalii tangu aje Nairobi, na mkono wake ulikuwa umewachoka. Soko la Shauri Moyo lilikuwa limefurika. Adoyo alisukumwa, kiatu chake cha soli nene kikatua juu ya mkeka wa vinyago. Alivaa gauni la krimplini la rangi ya chungwa, nywele amezitimua zikamzunguka uso.

"Woi, pole, kaka! Nimeua."

"Wengine wapo, tena wanafanana. Hukuumia, mrembo?"

"Mdomo huo! Haya, waweza kuchonga zimwi?"

Akamweleza. Babake, Mzee Obura wa Jericho, mstaafu wa reli, alikuwa na mchezo wa vita mezani: majeshi mawili ya askari wa madini ya risasi, wadogo kama kidole, wakisogezwa kwa kutupa dadu. Wenzake walikuwa wamerudi mashambani mmoja mmoja. Sasa alicheza pande zote mbili peke yake, na hata kushinda kulimchosha. Adoyo alitaka kumwongezea Apul-Apul, zimwi la hadithi za nyanyake.

Basi kila akitoka ofisini alipita, akisimulia huku Mativo akichonga. Zimwi lilipopata mabega, wawili hawa walikuwa wameacha kuitana kwa majina.

"Laazizi, tumbo liwe kubwa?"

"Kama lako ukishaona ugali, mpenzi."

Mwishowe Mativo akaongeza la kichwani mwake. Kwa ncha ya sindano aliling'oa zimwi meno sita ya chini, kama wazee wa Kijaluo wanavyong'olewa kimila. Adoyo alipoliona, tabasamu likamfutika.

"Meno yake?"

"Zimwi la kwenu. Nikaona liwe na alama ya kwenu."

"Baba yangu ameng'olewa hayo hayo! Umemfanya baba zimwi, Mativo. Ndivyo nyinyi Wakamba mnavyotuona?"

Akalitia mkobani, akaenda zake.

Mativo aliumia. Alipiga simu kutoka kibanda cha Makadara. "Halo, mpenzi..."

"Hapa ni ofisini, si kwa mpenzi wako." Adoyo akakata simu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Majirani sokoni walimwona akikwangua mguu wa twiga mpaka ukabaki njiti. Hakuogopa kazi wala njaa. Aliogopa kuzeeka na twiga, bila Adoyo.

Ijumaa jioni Adoyo akaja, viatu mkononi, uso umechoka.

"Nililificha. Likaanguka kutoka mkobani, baba akaliokota."

"Akasemaje?"

"Akalitazama mdomoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu mama afariki sijamsikia hivyo. Ati zimwi lenye meno yote ni mgeni. Hili ni jirani." Sauti ikamshuka. "Nisamehe. Nilikukasirikia bure."

"Mimi ndiye nilipaswa kuuliza kwanza."

"Akaniuliza nani kalichonga. Nikasema, Mkamba ninayempenda. Akageukia askari wake, nikadhani yamekwisha. Kisha akasema uje Jumapili ushike jeshi la pili, amechoka kujipiga mwenyewe. Lakini hapendi kushindwa."

Mativo akaweka tezo chini, akamshika mkono ule uliochoka kupiga taipu.

"Basi atanishinda. Ila polepole, Adoyo. Nataka vita hivi vitukute na wajukuu."