Sababu ya Kuacha Kazi

Blauzi ilikuwa imepigwa pasi, na hakuna mtu aliyeipiga.

Mwenyewe aliifua jioni akaianika uani ikichuruzika maji. Asubuhi akaikuta pale pale kwenye kamba, mikono imenyooka, kola imesimama, na alipoigusa ilikuwa ya moto. Nyuma ya bega palikuwa na alama hafifu ya kuungua, kiganja na vidole vyake vyote.

"Umepata mfanyakazi wa bure," shemeji yake alicheka, kikombe cha chai mkononi. "Mwambie na mashati yangu yapo."

Dada yake hakucheka. Mwenye blauzi, ambaye nyumbani walimwita Mikunjo kwa jinsi alivyokunja uso tangu utoto, naye hakucheka. Alivaa blauzi nyingine, akaenda kwenye usaili bila kunywa hiyo chai.

Kazi aliihitaji kuliko kitu chochote. Tangu afiwe na mumewe, binti yake alikuwa akiishi kwa bibi yake, na mama mkwe alishasema bila kupepesa macho: mtoto hatoki hapa mpaka uwe na kazi na chumba chako. Mikunjo alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake, miguu ikining'inia, akimuwaza mwanawe. Jana yake shemeji, bingwa wa kila jambo asiloulizwa, ndiye aliyemwandikia wasifu. Alipofika kwenye kazi ya mwisho, wiki tatu za kupiga pasi katika jumba moja la dobi, akaifuta.

"Wiki tatu si kazi, shemeji, hiyo ni ziara. Wakikuuliza, sema ulikuwa nyumbani."

Walimuuliza. Meneja wa hoteli, bwana mmoja aliyeongea kama vile kila neno linamgharimu, aligonga meza kwa kalamu. "Na hapa katikati ulikuwa wapi?"

"Nyumbani tu."

Harufu ikaingia. Pamba inayoungua. Meneja alinusa, akatazama dari, akatazama soketi ya ukutani. Mikunjo hakutazama popote, kwa sababu alikuwa amehisi mkono ukitua begani mwake, taratibu, mkono wa mtu anayejua kazi yake, ukalala bapa, ukaanza kukandamiza, ukasogea mbele ukarudi nyuma kama unaondoa mkunjo kwenye shuka, na kila uliporudi ulikuwa na moto zaidi, hadi akapiga yowe, akaangusha kiti, akatoka mbio huku meneja akimwita mlinzi.

Dada alimfungua vifungo chumbani. Ngozi ya bega ilikuwa imetoka malengelenge, vidole vitano.

"Nani kakufanyia hivi, mdogo wangu?" alinong'ona. "Niambie kabla mume wangu hajaingia."

Akamwambia. Kule kwenye jumba la dobi, meza iliyokuwa kando ya yake haikuwa na mtu. Lakini kila alipokwenda kunywa maji, akirudi alikuta mashuka yake yamenyooshwa, yamekunjwa, bado ya moto. Wenzake walimwambia kwa sauti ya chini: shukuru, na usitazame meza hiyo. Siku moja alitazama. Mwanamke alikuwa amesimama amempa mgongo, akipiga pasi kwa kiganja kitupu, na moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye shuka. Mikunjo aliweka chini alichoshika, akatoka, hakumuaga mtu. Na sasa alilia waziwazi, kwa hofu na kwa hasira, maana kazi ya hoteli ilikuwa imekwenda na mtoto amekwenda nayo.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alilinusa lile bega, akakunja pua.

"Ulipoondoka hakukufuata. Kwa nini amekuja sasa?"

"Sijui, mama."

"Umemkana. Alikusaidia kazi, ukamwacha bila kumuaga, akanyamaza. Leo unasema hukuwahi kuwa kwake, ndilo linalomuuma." Mganga alishusha sauti. "Ukiulizwa tena, itaje hiyo kazi. Ukiulizwa kwa nini uliacha, sema ulimwogopa. Usimpe sababu nyingine, maana ataiamini."

Shemeji alipolisikia hilo alitikisa kichwa. "Uende kumwambia mwajiri ulikimbia jini? Utaajiriwa na nani, wehu wenzako? Sema mtoto. Hakuna bosi anayebishana na mtoto."

Usaili wa pili ulikuwa katika hospitali ndogo iliyotafuta mtu wa kufua na kunyoosha mashuka. Matroni alikuwa na uso mkavu, na hakumkaribisha kiti. Mikunjo alikaa mwenyewe.

"Kazi yako ya mwisho?"

Bega lilianza kupata joto. "Nilikuwa kwa dobi," alisema upesi. "Jumba kubwa, wanafua mashuka ya hoteli. Nilipiga pasi wiki tatu tu, lakini nilifanya kazi pale. Nilikuwa pale."

Joto likatulia. Nyuma yake alisikia pumzi ndefu ikishushwa, ya mtu aliyeridhika, na machozi ya shukrani yakamlenga.

"Wiki tatu," matroni alisema. "Kwa nini uliacha?"

Mikunjo alifungua mdomo. Aliuona uso ule mkavu, akajiona akitamka neno jini mbele yake, akaliona kochi la dada yake, akamwona binti yake akikua bila yeye, na ulimi ukateleza wenyewe.

"Mtoto wangu. Niliacha kwa sababu ya mtoto."

Matroni alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Hilo naelewa. Utaanza Jumatatu."

Nyuma yake hatua zikasikika, hazina haraka, zikielekea nje. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Bega likapoa kabisa. Ameondoka, Mikunjo aliwaza, ameondoka kweli! Alitoka hospitalini akicheka peke yake, na kabla hajafika getini alikuwa ameshampigia mama mkwe.

"Mama, nimepata kazi! Mwambie mwanangu naja kumchukua."

"Najua, nimeshaambiwa," mama mkwe alijibu. "Nawe una haraka! Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ametoka na huyo mwenzako uliyemtuma. Mama mpole, ila mkono wake una moto, nilidhani ana homa. Akasema huyu mtoto ndiye aliyekutoa kwake, anataka kumjua."

"Mama, wamekwenda wapi? Mama!"

"Kazini kwako, wapi tena? Mbona unapiga kelele? Kwani wewe una kazi ngapi?"