Helmeti ya Wangila

Nianze na kosa langu, kwa sababu mchungaji wetu husema ukianza na kitu kingine utajipamba kabla hujafika.

Helmeti nyeusi iliyoning'inia kwenye msumari, juu ya mlango wa chumba changu cha gemu hapa Bugembe, haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu Wangila, mwendesha boda boda wa Mbale. Niliiazima kwake siku nilipokuja Jinja na pikipiki ya rafiki. Nikamwambia, "Kesho naileta."

Akacheka. "Nyongesa, kesho yako naijua. Haina tarehe."

Kesho ikapita, na kesho kutwa. Wiki ile ile lori likamgonga, kichwa chake kikiwa wazi.

Sisi kwetu ni ng'ambo, Kenya, lakini baba yetu alinunua kiwanja nje kidogo ya Mbale, kwa hiyo makaburi yetu yako huko. Na kwetu, baada ya mazishi, watu hunyolewa nywele, halafu vitu vya marehemu vinatolewa nje, vinawekwa juu ya mkeka, ndugu wanagawana. Vyote. Kikibaki hata kimoja kimefichwa, mwenyewe hajamaliza kuondoka. Siku hiyo shangazi yetu Roselyn aliangalia koti, viatu, redio ndogo, akauliza, "Na helmeti? Mtoto huyu alikuwa na helmeti nyekundu."

Watu wakatazamana. Mimi nikatazama chini.

"Labda polisi walibaki nayo," nikasema.

Nilisema hivyo nimesimama karibu na msalaba wake. Mungu anisamehe. Nikarudi Bugembe, nikaipaka rangi nyeusi. Nikamchukua binti yake Sheryl, aliyekuwa amemaliza shule, aje tusaidiane kazi chumbani pale. Kanisani walinisifu kwa hilo. Sifa zao nilizipokea.

Sasa nieleze gemu yenyewe. Ni ya kupigana na kukusanya vifaa. Mtu wako anaanza kifua wazi, ana rungu tu. Ukimuua adui, anaweza kuangusha kitu: viatu, ngao, upanga, koti la chuma. Unavaa, unapata nguvu, unamfuata adui mkali zaidi. Utamu wake wote uko kwenye mizani. Vifaa vikija haraka, mchezaji anafyeka maadui kama nyasi, na kesho yake amechoka nayo. Vikichelewa mno, anatupa kontrola, kile kidude cha kuchezea, na kwenda zake. Inatakiwa afe, ndiyo, afe sana, lakini kila akifa aone kwamba alikuwa karibu.

Ndani ya gemu kuna ukurasa ambapo mwenye mashine anapanga mizani hiyo. Mimi nilipandisha ukali wa maadui mpaka mwisho. Vifaa vingi nikaviacha vianguke kawaida ili watu wasikate tamaa. Kimoja tu nilikibana mpaka karibu na sifuri.

Kofia ya chuma.

Bila kofia huwezi kumshinda Jitu la Daraja, maana lile linapiga kichwa. Nilijua watu watarudi kila jioni kuitafuta. Ilikuwa tamaa tu. Kichwa cha mtu mwingine hakikunijia akilini.

Mutwalibu, seremala wa jirani, ndiye aliyelalamika kuliko wote.

"Bwana Nyongesa, hii gemu ni kama jeshi ya zamani. Inapiga kwanza, halafu inauliza jina."

"Ongeza bidii, afande."

"Bidii gani? Mimi navaa kira kitu. Viatu iko, koti iko. Kichwa peke yake ndiyo uchi! Nani alinyima sisi kofia?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sheryl hakucheka. Yeye alikuwa na mtu wake kwenye gemu. Ukifungua mtu mpya lazima umpe jina, na siku moja nikaliona jina alilompa.

WANGILA.

"Kwa nini jina la baba yako?" nikamuuliza.

"Kwa sababu huyu akianguka anainuka, baba mdogo."

Kwetu jina la marehemu haliitwi ovyo. Mtoto akitaka kupewa jina hilo, wazee wanamwita marehemu mwenyewe kwanza na kumwambia: hapa ndipo mahali pako, njoo ukae vizuri. Sheryl hakulelewa karibu na wazee, hakuyajua hayo. Alimwita baba yake bila kumwonyesha pa kukaa. Na pale alipomwita, kila jioni palikuwa na mtu wa kumpiga kichwa.

Maumivu yakaanza. Jitu likimpiga Wangila kwenye skrini, Sheryl anashika paji la uso. Nilidhani ni macho. Kisha damu ikaanza kumtoka puani. Nikampandisha boda boda mpaka kliniki moja ya Mpumudde, wakampima, hawakuona kitu. Alikuwa anakonda. Usingizini alikuwa anashtuka na kufunika kichwa kwa mikono miwili.

"Acha hiyo gemu, mama," nikamwambia.

"Siwezi kumwacha pale darajani peke yake."

Ningeweza kufungua ukurasa ule na kulegeza. Ni kazi ya kidole kimoja. Lakini kofia ingeanza kuanguka, na Mutwalibu na wenzake wangejua nilikuwa nawachezea muda wote. Niliogopa aibu ndogo kama hiyo. Mtoto wa ndugu yangu anavuja damu, mimi naogopa kuchekwa na seremala.

Siku yenyewe umeme ulikatika jua likizama. Wateja wakaondoka wakinung'unika. Nikachukua kidumu, nikamwambia Sheryl anisubiri, nikaenda kituo cha mafuta kununua petroli ya jenereta. Nilirudi giza likiwa limeshaingia. Barabara nzima hakuna taa. Maduka meusi, nyumba nyeusi...

Chini ya mlango wangu kulikuwa na mwanga wa buluu.

Nikasimama. Kidumu kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa. Jenereta lilikuwa kavu, nililikung'uta mwenyewe.

Du.

Sauti ile niliijua. Rungu la Jitu.

Kimya... halafu nyayo za mtu akiinuka juu ya mbao za daraja. Polepole.

Du.

Nikasukuma mlango. Harufu ya petroli ikanipiga, nikasema ni kidumu. Nikashika kifuniko. Kilikuwa kimekazwa. Na chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi uliotoka kuchimbwa.

Skrini ilikuwa inawaka. Sheryl alikuwa kwenye benchi, macho wazi, kontrola iko mapajani, haijashikwa. Damu ilikuwa imefika kidevuni. Pembeni yake ameketi mwanamume, amenipa mgongo. Alivaa koti la boda boda. Koti lile nililijua, lilikuwa kwenye mkeka siku ya kugawana. Kontrola ya pili ilikuwa mikononi mwake.

Kichwa chake sitakieleza.

Kwenye skrini Wangila alikuwa anatembea kuelekea darajani. Viatu anavyo, ngao anayo, koti analo. Kichwa wazi. Jitu likanyanyua rungu.

Du. Sheryl akatikisika.

"Mdogo wangu," mwanamume akanong'ona. Hakugeuka. "Kesho imefika?"

Nilitaka kukemea kwa jina la Yesu. Mdomo ulifunguka, jina halikutoka. Naamini lilinikataa, kwa sababu nilitaka kulitumia kufunika.

"Naitafuta kwa hawa wote," akasema. Sauti ilikuwa imechoka, kama ya mtu aliyeendesha usiku kucha. "Namuua huyu, hana. Namuua yule... hana. Nani ameificha?"

Jitu likanyanyua rungu tena. Shingo ya Sheryl ikalegea.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Wangila, ni mimi. Mwache mtoto!"

Nikaruka, nikaishusha helmeti kwenye msumari. Nikaikwaruza kwa ufunguo. Rangi nyeusi ikabanduka. Chini yake, hata kwa mwanga ule, kulikuwa na nyekundu.

Sheryl aligeuza macho. Akaitazama helmeti, akanitazama mimi.

"Ulisema umenunua," akanong'ona.

"Nilidanganya. Ni ya baba yako. Niliiazima, nikaiweka. Na kule mkekani nilidanganya pia."

Skrini ikazimika.

Nikasimama gizani nimekumbatia helmeti. Nikasikia pumzi moja tu, ya Sheryl. Nilipowasha tochi ya simu, benchi upande wa pili lilikuwa limelowa, na chini ya kiti kulikuwa na udongo.

Asubuhi tulienda Mbale. Sikutuma mtu, nilikwenda mwenyewe. Shangazi Roselyn alitandika mkeka ule ule, akaita ndugu, nikaiweka helmeti katikati na kusema yote kwa mdomo wangu. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe polisi wamekurudishia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Tukaizika miguuni pa kaburi. Mchungaji wa huko akaomba. Tangu siku hiyo Sheryl hajatokwa na damu, anakula, analala. Namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Alikataa kurudi nami, akabaki kwa shangazi. Wakati wa kuagana aliniambia, "Safari njema, bwana Nyongesa." Sio baba mdogo tena.

Ningependa hadithi iishie hapo.

Nilipofika Bugembe nilifungua chumba. Kufuli lilikuwa kama nilivyoliacha. Nikawasha mashine nilegeze ile kofia, nimalize dhambi ndogo baada ya ile kubwa. Gemu ikafunguka darajani. Jitu lilikuwa limelala chini. Ng'ambo ya daraja alisimama Wangila, amevaa kofia.

Nyekundu. Gemu ile haina kofia nyekundu.

Alikuwa amenipa mgongo, kama mtu anayesubiri abiria. Nikalia kwa furaha, nakiri. Halafu nikaona kuna mwingine, upande wa huku. Kifua wazi, ana rungu tu. Juu ya kichwa chake jina limeandikwa.

NYONGESA.

Nikafungua ukurasa wa mizani. Nikasogeza kofia mpaka juu. Nikaachia kidole, ikarudi yenyewe kwenye sifuri. Nikajaribu tena. Ikarudi. Nikataka kumfuta huyo mtu, mashine ikaniuliza: una hakika? Sikuwa na hakika. Sijui kitakachofutika ni nini.

Nilimpigia Sheryl simu, nikamuuliza kama ni yeye aliyemfungua mtu huyo. "Sijagusa," akasema. "Lakini ningekuwa karibu, ningegusa."

Mutwalibu anasema mashine imeharibika. Nilimweleza yote, hata habari ya kuwachezea. Alicheka, akanisamehe, akaniita mwizi wa kofia. Nilipokuwa kwenye maombi ya jioni, yeye akaketi kujaribu. Hakuwa na nia mbaya, aliona jina langu, akataka utani. Nilikuwa nimepiga magoti kanisani, mbali na skrini yoyote.

Du.

Niliamka nikiwa sakafuni, waumini wamenizunguka, damu iko kwenye kitabu changu cha nyimbo.

Mashine nimeifunika kwa shuka. Kuiuza siwezi, maana anayenunua atacheza. Kuichoma naogopa. Lakini mara nyingine jioni, umeme ukikatika, naona mwanga wa buluu unapenya kwenye shuka, na nasikia nyayo za mtu akitembea juu ya mbao.

Nimekueleza wewe kwa sababu unapita barabara hii, na wateja wangu wengine nimewaeleza vilevile. Ukiingia na usinikute, usiondoe shuka. Ukiiondoa, chagua mtu mwingine yeyote. Na kama kidole kitateleza ukanichagua mimi, basi nakuomba kitu kimoja tu.

Usinipeleke darajani.