Taa Kiunoni

Mwokaji mikate wa mtaani kwetu alikuwa na maradhi mawili: kukimbia mlimani na kujisifu. Kila alfajiri, akishatoa mikate tanurini, alivaa viatu, akafunga taa kwenye paji la uso na kuondoka.

"Ukungu hauniwezi," alimwambia mkewe, fundi cherehani. "Taa hii ni jua dogo!"

Siku moja ukungu ulimkuta juu, bado giza. Akawasha taa. Mbele pakawa peupe kama ukuta wa chokaa. Badala ya kusimama, akaongeza mbio. Ghafla mguu ukakanyaga hewa. Akadaka kichaka, akajivuta. Jiwe alilolipiga teke likaanguka bondeni, na hakulisikia likitua.

Alirudi nyumbani suruali imechanika. Mkewe aliitazama, machozi yakamlengalenga.

"Suruali nitaishona, Baba. Wewe nitakushona kwa uzi gani? Na Jumapili mwanangu haendi huko na wewe."

Binti yao akaangua kilio. Alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi ili akimbie na baba yake.

Mama akamwita jirani yao, mwanamke anayeongoza wapanda mlima. Jirani alisikiliza, akasema, "Chemsheni maji."

Wakafunga dirisha la mbao, jikoni pakajaa mvuke. Jirani akazima taa ya ukutani.

"Haya shemeji, washa hilo jua lako. Unaona nini?"

"Mvuke tu."

"Sasa lishushe kiunoni, umulike chini."

Baba akaona sakafu, miguu ya meza, na kijiko kilichopotea tangu juzi. Binti akacheka huku akifuta machozi.

"Taa ikiwa karibu na macho, ukungu unakurudishia mwanga usoni," jirani alieleza. "Ikiwa chini, unaona njia."

"Na ukungu ukitukuta?" binti aliuliza.

"Acheni mbio, tembeeni. Rudini kwa njia mliyojia, msitafute ya mkato. Mkipotea kabisa, kaeni hapohapo, vaeni makoti, pigeni filimbi. Na kabla ya kutoka, mwambieni Mama mnapita wapi na mtarudi saa ngapi."

"Mimi na ndevu zangu nipige filimbi?"

"Ndiyo, na ndevu zako tutazikuta salama."

Mama alicheka, akakubali. Akawashonea vizibao vya rangi ya machungwa.

Jumapili alfajiri, karibu na kilele, ukungu ukashuka.

"Baba, tumekaribia! Tumalizie tu!"

Baba alitamani sana. Akakumbuka lile jiwe.

"Kilele hakihami, mwanangu. Tunarudi."

Wakashusha taa kiunoni, wakashikana mikono, wakateremka polepole.

Mama alikuwa mlangoni. Mara akasikia filimbi mwisho wa mtaa. Baba aliipuliza kwa mbwembwe, majirani wakachungulia.

"Mmefika kileleni?" Mama aliuliza.

"Hatukufika!" Baba alijibu, kifua mbele.

Mama akawageuza mmoja mmoja, akakagua suruali zao mbele na nyuma. Siku hiyo hakuwa na cha kushona.