Mpangaji Kwenye Nyongo

Karakana ya useremala ilikuwa na mafundi saba na mpishi mmoja. Mpishi huyo alikuwa mama mzazi wa fundi mwembamba aliyeitwa Msumari. Wote walimwita Mama Ladha, na jina halikukosea. Kila mchana alipika wali na mboga. Sufuria ikitokota, yeye alimenya maembe na mapapai, akayakatakata na kuyajaza kwenye beseni. Alijivunia matunda yake kuliko kitu chochote.

Mwaka huo homa ya matumbo iliingia karakana, ikakataa kutoka. Akipona huyu, anaanguka yule. Walisafisha tangi, wakachemsha maji ya kunywa. Wapi! Mwisho akaanguka Msumari mwenyewe. Alilazwa siku tisa, akarudi amekonda hata suruali inamvuka. Mama yake alilia waziwazi, akaapa kumjua aliyeleta ugonjwa huo.

Ndipo akaja bwana afya wa zahanati. Aliwauliza mafundi, mmoja mmoja, nani hula nini. Kumbe fundi mkuu, ambaye hakuwahi kuugua, hali matunda kwa sababu meno yake yanamuuma. Na mwezi ule Mama Ladha alipokwenda kumuuguza dada yake, hakuugua mtu. Bwana afya akaomba kupima choo cha mpishi.

Mama Ladha akamwakia bwana afya. "Mwanangu, hebu nitazame. Mgonjwa gani anabeba gunia la mchele?"

"Sijasema unaumwa, mama. Uliwahi kuugua homa hii?"

Alikiri kwamba aliugua miaka miwili nyuma, akapona kabisa. Majibu yalipotoka, bakteria walikutwa. Bwana afya akaketi naye, Msumari akiwa pembeni, akaeleza polepole.

"Bakteria hawa huingia kwa mdomo, pamoja na chakula au maji. Asidi ya tumboni inaua wengi, lakini wachache hupita, wakapenya ukuta wa utumbo. Mwili unatuma askari wake wawameze. Wengine humezwa, lakini hawafi. Wanazaliana humohumo ndani ya askari, naye anawasafirisha mpaka kwenye ini."

"Yaani wamepanda gari la polisi," akasema Msumari.

"Ndiyo hivyo. Kutoka hapo huingia kwenye mfuko wa nyongo. Nyongo ni kali, lakini hawa wanaivumilia. Kama kuna vijiwe, wanavishikilia na kujifunika utando, dawa ikapata shida kuwafikia. Wewe umepona, wao wamebaki wapangaji. Wanatoka kidogo kidogo na choo, kisha mkono unawabeba. Wali wa moto unawaua. Matunda hayapikwi."

Mama Ladha alikuwa akinawa, tena sana, ila kwa maji matupu. Aliamini sabuni huacha harufu kwenye matunda.

"Kwa hiyo mwanangu nimemlisha ugonjwa kwa mkono wangu," alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema inavyouma ukigundua kwamba nguo yenyewe ni wewe.

"Hukujua, mama," bwana afya akamwambia. "Sasa umejua, na dawa ipo."

Alipewa vidonge vya wiki nne. Akaambiwa asiguse chakula cha watu mpaka vipimo vitatu, mwezi kwa mwezi, vitoke safi. Fundi mkuu hakumfukuza. Alimpa kazi ya kupiga msasa viti, akaweka ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni mwa choo. Mama Ladha alipiga msasa huku akinung'unika kwamba mpishi wa muda anapika maranda. Mara mbili alitaka kuacha vidonge, maana haumwi popote. Msumari alisimama mbele yake mpaka akameza.

Kipimo cha kwanza kilitoka safi, cha pili safi, cha tatu safi. Muda wote huo hakuna fundi aliyeugua.

Siku aliyorudi jikoni alinawa kwa sabuni mbele ya wote, viganja, kati ya vidole, chini ya kucha. Akamenya matunda, akaweka beseni mezani. Mafundi wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Ladha aliona heri wangemfukuza tangu mwanzo.

Msumari akalivuta beseni.

"Nipakulie mimi kwanza, mama."

Alikula kipande kimoja, akaongeza cha pili, akafuata cha tatu. Fundi mkuu akakohoa.

"Basi usimalize," alisema. "Na sisi tuna njaa, hata wenye meno mabovu."