Asilimia Thelathini na Nane

Jua lilikuwa linazama fundi alipoingia ghalani na kitambaa na chupa ya spiriti, kusafisha kamera za kigari. Kazi ya dakika kumi, bosi alimwambia.

Kigari hicho kilibeba mizigo bila dereva. Hakikuwa na uhakika wa lolote, maskini, kilikisia tu. Kamera zikiona kitu, kioo chake kiliandika ni asilimia ngapi kwamba ni mtu, na ikivuka kiwango alichoweka fundi, kigari kilisimama. Zamani kiwango kilikuwa ishirini. Kikawa kinasimama kwa vumbi, kwa nailoni, hata kwa vivuli, na wapakiaji wakamtania fundi kwamba amefuga punda mwoga. Akapandisha hadi arobaini.

Wiki iliyofuata kigari kilimgonga mdogo wake, karani wa stoo. Kioo kiliandika thelathini na nane.

Mama yao aliambiwa mashine haikumwona. Fundi ndiye aliyemwambia.

Tangu mazishi, kila magharibi kigari kilikwama palepale alipogongwa, kati ya rafu mbili. Fundi akafuta kamera. Akafuta tena. Mbele palikuwa patupu.

Mtu: 61.

Dawa ilikuwa moja, kukifundisha. Ukibonyeza "Hakuna", imani yake inapungua kidogo kidogo. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

54.

Harufu ikapita... mafuta ya nywele ya mdogo wake. Akabonyeza.

47.

Harufu ikafifia. Viatu vikaburutwa sakafuni... shwaa... shwaa... Tangu utotoni alikuwa mvivu wa kunyanyua miguu.

41.

"Kaka."

Akaondoa kidole. Akibonyeza mara moja tu, kigari kitampitia mdogo wake mara ya pili.

"Nisamehe," alinong'ona. "Kilikuona. Mimi ndiye niliyekiambia kisikujali."

Akapeleka kidole kwenye "Yupo". Bosi atafute fundi mwingine. Heri kigari kikwame hapo milele, angalau awe anakuja kumsikia.

Kitu cha baridi kikakishika kidole chake, kama mtoto anayevushwa barabara. Kikakivuta taratibu upande wa pili, hadi kwenye "Hakuna".

Kikabonyeza.

34.

Kigari kikaondoka. Fundi alikifuata akilia, akimwomba mdogo wake arudi, na namba zikazidi kushuka hadi sifuri.

Alipofika nyumbani, mama yake alimshika mkono, akauliza kwa nini kidole kimoja kina baridi hivyo. Fundi akaketi chini, akamwambia yote.