Mtoto Aliyekataa Majina

Kila asubuhi, nyumbani kwetu Kakuma, mama mkwe wangu Nangiro hufagia uwanja kwanza. Kisha hupanga makaa yake kwenye makopo kando ya njia, ili wanunuzi wayaone. Mume wangu, Ekaale, huwa ameshatoka na pikipiki kutafuta abiria. Mimi huwasha moto na kupika chai.

Asubuhi hiyo sikupika. Nilikaa kwenye ngozi ndani ya nyumba, na mtoto wangu wa kiume mapajani. Alikuwa na siku kumi na moja, na hakuwa na jina.

Kwa watu wa mume wangu, mtoto hupewa jina akiwa kwenye titi. Bibi hutaja majina ya watu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina likitajwa na mtoto akanyonya, hilo ni lake. Akikataa titi, amekataa jina.

"Adome," mama mkwe alisema.

Mtoto aligusa titi kwa midomo, akaliacha.

"Nanok."

Akageuza uso.

"Emanikor."

Akalia kidogo kwa sauti nyembamba, kisha akasinzia.

"Leo ni siku ya tatu," mama mkwe akasema. "Nimewataja wote, hadi yule aliyeiba ngamia. Huyu anamtaka nani?"

Mimi ni mtu wa aibu, na mbele ya mama mkwe maneno hunikwama. Nilimrudishia mtoto pasifaya mdomoni. Akaifyonza, akanyamaza.

Pasifaya ni chuchu ya mpira inayouzwa dukani. Haina maziwa. Mtoto hufyonza tu. Dada yangu Atiir aliinunua Lodwar, nilikojifungulia. "Mpe, asisumbue watu kwenye gari," aliniambia siku ya kurudi Kakuma. Mtoto alikuwa na siku nne. Kweli, hakulia njia nzima. Tulipofika nyumbani nikaendelea kumpa. Mama mkwe aliipenda, akaiita titi la duka. Aliifunga kwenye uzi wa shanga, akamvisha mtoto shingoni ili isianguke mchangani. Wageni walisema mtoto huyu ni mtulivu sana.

Lakini mimi niliona mambo mengine. Matiti yangu, yaliyojaa siku za kwanza, yalikuwa yamelegea. Miguu ya mtoto ilikuwa imekonda. Niliona, nikanyamaza.

"Kesho Ekaale aende Lodwar amlete mjomba wake," mama mkwe akasema. "Kuna mzee marehemu wa ukoo amekasirika. Mjomba atajua ni yupi."

Nilimtazama mtoto. Niliogopa atakufa kabla hajapata jina.

Mara tukasikia sauti nje. "Mama Ekaale, makaa ya leo ni makavu, ama ni kama ya juzi, moshi tupu?"

Alikuwa Adhieu, mama mrefu kutoka Sudan Kusini anayeishi katika kambi ya wakimbizi. Hununua makaa kwetu. Kazi yake ni kuwasaidia akina mama wanaonyonyesha, katika kliniki moja huko kambini.

"Ejok, Adhieu. Ni makavu kuliko wewe," mama mkwe akamsalimu na kumjibu. "Ingia umwone mjukuu aliyekataa ukoo mzima."

Adhieu aliinama mlangoni, akaingia. Aliposikia habari ya majina, alicheka. Kisha akamtazama mtoto, akaacha kucheka.

"Hii kitu iko kwa mdomo tangu lini?"

"Siku saba," nikasema.

"Unaitoa wakati gani?"

"Akitaka kunyonya."

"Unajua aje kama anataka?"

"Akilia."

"Na akiwa na hii, analia?"

Nikafikiri. "Halii."

"Sasa akisikia njaa atakuambia na nini? Umemfunga mdomo." Adhieu akakaa karibu nami. "Jana amenyonya mara ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Amekojoa mara ngapi?"

"Nilifua nguo mbili tu. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi."

Mama mkwe akanigeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, mama."

Adhieu aliutoa ule uzi wa shanga shingoni mwa mtoto, akaushika mkononi. "Hii kwanza hapana. Uzi unaweza kumkaba akilala. Shanga ikikatika, inaweza kuingia kwa koo. Sasa tunaenda zahanati. Mtoto wa siku kumi na moja akikojoa mara mbili tu, hatungoji mjomba."

"Na mzee aliyekasirika?" mama mkwe akauliza.

"Wacha akasirike. Mtoto ashibe kwanza."

Kwenye zahanati tulimkuta muuguzi anayeitwa Jelagat. Alimpima mtoto joto, akamtazama mdomoni, akamweka kwenye mizani. Alizaliwa na kilo tatu. Sasa alikuwa na kilo mbili na gramu mia sita.

"Si mgonjwa," Jelagat akasema. "Ana njaa. Watoto wote hupungua kidogo siku za kwanza. Lakini wakifika wiki mbili, huwa wamerudi walipokuwa. Huyu anaendelea kushuka."

"Maziwa yangu yameisha?" nikauliza.

"Hayajaisha. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yale yanayotoka. Mtoto akinyonya sana, unatengeneza mengi. Akifyonza mpira mchana kutwa, titi linadhani hakuna anayehitaji. Naye anachoka bure. Ukimpa titi, hana nguvu."

Jelagat alinionyesha jinsi ya kumshika, tumbo lake likiwa kwenye tumbo langu. Alisema nisubiri afungue mdomo kabisa, ili ashike na sehemu nyeusi ya titi, si ncha tu. Akanifundisha kukamua kwa mkono na kumnywesha maziwa hayo kwa kikombe kidogo, hadi apate nguvu.

"Mnyonyeshe mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, mchana na usiku. Usingoje alie. Akigeuza kichwa kutafuta, akila vidole, mpe. Na maji usimpe, hata jua likiwaka vipi."

"Na pasifaya tuitupe?" mama mkwe akauliza.

"Mwezi wa kwanza msimpe. Baadaye, akiwa ananyonya vizuri na kuongezeka, mama akitaka anaweza kumpa kidogo akilala. Ioshwe na kuchemshwa. Isipakwe sukari wala asali, wala isifungwe uzi. Lakini si lazima."

Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Mtoto alilia sana. Majirani walichungulia.

"Mpe titi la duka kidogo tu," mama mkwe akasema. "Watu watasema tunamtesa."

"Hapana, mama," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kumwambia hapana. Alinitazama, kisha akachukua sufuria akaenda kunisongea ugali. Tangu siku hiyo, wageni wakija, aliwapokea nje. "Nakeno yuko kazini," aliwaambia, na mimi nilikuwa ndani nikinyonyesha.

Siku ya tatu nilifua nguo nne. Siku ya tano nilifua saba, na mkojo haukuwa na rangi. Matiti yalijaa tena. Tulipompeleka zahanati kupimwa, alikuwa ameanza kupanda.

Wiki moja ilipopita, mama mkwe alikaa tena kwenye ngozi. Kabla hajasema neno, mtoto alikuwa ameshashika titi.

"Mtoe kwanza. Sijataja."

Nikamtoa. Akalia kwa sauti kubwa.

"Adome," mama mkwe akasema haraka.

Mtoto akashika titi, akanyonya kwa nguvu. Tulisikia akimeza.

"Nilitaka Nanok, baba yangu," mama mkwe akanung'unika. "Ningeanza na Nanok. Adome alikuwa mchoyo."

"Hata huyu," nikasema. "Hebu jaribu kumnyang'anya."

Akacheka hadi akajifuta machozi kwa shuka yake.

Mtoto alipofika siku ishirini na nane, tulirudi kwa Jelagat. Mizani ilisoma kilo tatu na gramu mia tatu.

"Mwezi unaisha. Pasifaya bado unaitaka?" akaniuliza.

"Nilimpa Adhieu. Anawaonyesha akina mama kliniki."

Jelagat akachukua kijitabu cha mtoto, akaandika uzito. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, mahali palipokuwa wazi, akanitazama.

"Anaitwa nani?"

Nilijibu kabla mama mkwe hajafungua mdomo. "Adome."

Akaandika: Adome Ekaale.